Konokono Mwenye Doa Jeupe

Konokono alikaa kwenye ncha ya pua ya Redio kama kofia ya mfalme asiye na nchi, na Redio, simu mkononi, alikuwa akijirekodi.

"Ndugu watazamaji," alisema, macho yote mawili yakikutana katikati, "hii ndiyo pua ya kisasa. Haiingii vumbi."

Walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Tangu amalize shule shughuli yake kubwa ilikuwa kushiba, na asubuhi hiyo alikuja kwenye miamba ya pwani kumbebea dada yake, aliyekuwa akisomea viumbe vya bahari chuoni, ndoo na nyundo kwa ahadi ya chakula cha mchana. Konokono yule, mwenye gamba la mchongoko, alikuwa ameung'ang'ania mwamba kama mgeni asiyejua kuaga. Redio alimbandua kwa ufunguo wa nyumba. Ukingo wa gamba ulimeguka kidogo, hakujali. Akaenda nyuma ya jabali, penye mwanga mzuri.

"Hebu njoo!" dada yake aliita. Haikuwa sauti ya kumwitia mtu ndoo.

Redio akamtia konokono mfukoni, akaenda. Dada alikuwa amepiga magoti, kidole kikigusa kishimo kwenye jiwe.

"Konokono wangu mmoja alikuwa akikaa hapa. Maji yakijaa anatoka kulamba mwani, yakipungua anarudi papa hapa. Gamba na jiwe vimesagana mpaka vikapatana kama chungu na kifuniko chake."

"Labda ametoka matembezi."

"Juani? Angekauka."

Mwamba ulikuwa tabaka juu ya tabaka, matope yaliyogeuka jiwe, matumbawe ya kale yamebanwa katikati, kama kitabu kilichofungwa kikiwa kimelowa. Katika ukale wote huo, kishimo cha ukubwa wa kifungo cha koti kilikuwa nyumba ya mtu. Na mwenye nyumba alikuwa mfukoni mwa Redio, akimlowesha paja.

"Ni rangi yangu," dada alisema. "Nilimtia doa jeupe mgongoni nimtambue. Limemdhuru, akalegea, mawimbi yakamchukua. Nimemuua, mdogo wangu."

Doa Redio aliliona. Alidhani ni kinyesi cha ndege.

Dada alichukua mswaki ndani ya ndoo, akaanza kuwasugua konokono wengine, mmoja mmoja, madoa yao yakififia. "Kazi ya mwaka mzima na iende. Nitamwambia mwalimu wangu nimeshindwa. Siwezi kuwaua wote."

Mzaha ulimjia Redio kwenye ncha ya ulimi ukafia hapo hapo. Angeweza kumdondosha yule kiumbe kwenye dimbwi lolote. Bahari haitoi ushahidi. Angekula chakula chake, na dada angeendelea kujihukumu kwa kosa la mwingine. Mswaki ulikwaruza. Kila mkwaruzo ulimpata yeye.

"Dada, acha." Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. Akafungua kiganja. "Rangi haina kosa. Nilikuwa nachekesha watu."

Dada alimtazama konokono, akautazama ukingo uliomeguka, kisha akamtazama yeye.

"Pua yako inang'aa ute," alisema. Hakucheka.

Alimrudisha konokono kishimoni, akimzungusha taratibu kama mtu anayetafuta usingizi wa mtoto, mpaka gamba likakaa. Pale palipomeguka palibaki uwazi mwembamba.

"Atashika?"

"Sijui. Bonyeza hapa. Usimwachie mpaka nikwambie."

Dada akarudi kwa wale aliowafuta, akafungua kichupa cha rangi. Redio alilala kifudifudi juu ya jiwe, dole gumba juu ya gamba. Maji yalianza kupanda. Wimbi la kwanza lilimlamba kifundo cha mkono, la pili likamfika kiwikoni. Chini ya dole lake kitu kilivuta, kidogo sana. Alibana pumzi asikilize, lakini hakuweza kujua kama ni konokono anayeshika, au ni wimbi linalousukuma mkono wake.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," dada alijibu, bila kugeuka.