Kipepeo wa Friji

"Asinzie tu," meneja alinong'ona. "Nusu usingizi, nusu kifo. Si ndiyo kazi yako?"

Mgane, mtunza vipepeo wa bustani, akatoa kopo kwenye friji. Humo kipepeo alikuwa amepozwa mpaka mabawa yakakakamaa, ili akiwekwa juu ya ua atulie, mgeni ampige picha kwa karibu mpaka unga wa mabawa uonekane. Wageni hawakuambiwa. Waliambiwa vipepeo wa bustani hii ni wapole.

"Wapole kama maiti," alizoea kumwambia mkewe, alipokuwa na mke.

Mgeni, mama mwenye kofia pana, alilala kifudifudi chini ya wavu, kamera ikikaribia kuligusa ua. Kipepeo akainua vipapasio, akajikokota.

"Ah, ameamka. Nilikuwa bado," mgeni akalalamika.

Meneja akamsogelea mgane. "Mrudishe."

Neno lile lilimchoma. Daktari mkuu wa hospitali naye, macho kwenye simu, alilitamka vilevile: mrudishe, kitanda hakuna. Mgane akamrudisha mkewe mgonjwa kwenye chumba cha kazini, nyuma ya bustani, na huko ndiko alikokatia roho. Wakubwa kazi yao kutamka. Miguu ya kulitembeza neno ni ya mnyonge.

"Ameshaingia frijini mara mbili, bosi. Ya tatu hatoki hai."

"Humu wamejaa tele. Unamwekea mdudu matanga?"

"Nasema tu."

"Kasemee nje, na virago vyako. Chumba kile kina wanaokitaka."

Gauni la marehemu bado lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba kile. Hakuwa na pengine pa kulitundika.

Akamfunika kipepeo viganjani. Akaenda mpaka kwenye friji, akasimama, akaipita. Akafungua mlango wa kwanza wa wavu, kisha wa pili, akatoka juani. Akafunua mikono.

Kipepeo hakuruka.

Akampulizia pumzi ya moto. "Nenda basi. Au na wewe unakaa chumba cha watu?"

Nyuma yake milango ikagonga, funguo za meneja zikalia. Lakini mgeni ndiye aliyetangulia, akapiga magoti vumbini, kamera karibu na kucha za mgane zilizopasuka.

"Hapo hapo, mzee wangu. Usitikisike."

Mgane akaushikilia mkono wake kwa mwingine. Meneja akafika, akasimama nyuma ya kamera. Kipepeo akapanda polepole kwenye kidole gumba, akafunua bawa moja.