Glasi ya Winga

Watu wa mji wetu, Gyumri, wakikukabidhi meza, huwezi kukataa. Ukikataa watakubandika jina la utani, na jina la utani la Gyumri halibanduki mpaka unazikwa. Mimi ninalo moja tayari, Komeo, kwa sababu miaka mingi nilicheza beki wa kulia wa klabu ya Karhat na upande wangu hakupita mtu. Walipita wachache, lakini hao hatuwataji. Basi klabu ilipotimiza nusu karne wazee wa kamati wakaja kwangu wakasema, Komeo, wewe ndiye tamada wetu, utaongoza meza na kuinua glasi moja baada ya nyingine mpaka historia yote ya klabu iishe. Nilivimba kichwa siku nzima. Kesho yake nikakumbuka habari ya Zaven, na tangu hapo chakula hakikushuka.

Kwetu glasi ya mtu aliye hai hugongwa. Ya marehemu haigongwi: unainyanyua, unanyamaza, unakunywa. Hata mlevi asiyejua njia ya kwake hakosei hilo. Na sisi Karhat tulikuwa na mchezaji mmoja ambaye hakuna aliyethubutu kusema glasi yake ni ya aina gani.

Zaven alikuwa winga wetu wa kushoto. Mwaka 1993, majani yalipoanza kupukutika, alikwenda vitani na begi lake la mazoezi begani, na hakurudi. Maiti haikuletwa. Kwenye orodha za mateka hayumo. Hakuna mwenzake aliyemwona akianguka. Miaka kumi sasa, na mama yake, Arshaluys, hajakubali hata mshumaa mmoja uwashwe upande wa wafu kanisani. Ukijisahau mbele yake ukasema Zaven alikuwa na kasi, anakukata hapo hapo: ana kasi. Mtaa mzima tulichunga ndimi zetu kwa ajili ya mwanamke huyo, na wengine walivuka barabara wakimwona ili wasikosee.

Asubuhi ya sherehe nilikuwa mbele ya kioo, uso umejaa povu la kunyolea, nafanya mazoezi ya hotuba, Knarik akabisha hodi. Knarik ni mke wa Zaven. Walioana miezi michache kabla hajaenda vitani, na kama ilivyo desturi akahamia kwa mama mkwe, na huko yupo mpaka leo, anampikia, anamfulia, anamkanda miguu. Sedrak, mwoka mikate wa mji wa Artik aliyefiwa na mke, amemposa. Mtu mzima, mpole, hana makuu. Anasubiri mwaka wa pili sasa.

Nilimkaribisha chai, hakutaka. Alibaki amesimama mlangoni akizungusha kitufe cha koti lake.

"Leo usigonge, kaka Onik," akasema. "Glasi ya Zaven."

Nikamuuliza kama anajua anachoniomba. Akasema anajua kuliko mimi. Kanisa lingemruhusu kuolewa tena, serikali ingemruhusu, lakini yeye hawezi kumwacha yule mama akiwa bado anamsubiri mwanawe, wala hawezi kwenda kwa Sedrak akiwa na mume anayegongewa glasi mezani. Mtu mmoja akilisema mbele ya watu, hata bila kutamka neno, mama atasikia. La sivyo watazeeka wote wawili wakisikiliza mlango.

"Umri wangu ni thelathini na mbili," akasema. "Nimechoka, kaka."

Nilirudi kwenye kioo. Nilijikata shavuni na wembe, na ndivyo nilivyoenda kuadhimisha klabu yangu, na kipande cha gazeti kimeganda usoni.

Ukumbi ulikuwa chini ya jukwaa la uwanja. Kondoo wawili walikuwa jikoni, mikate myembamba imerundikwa kama nguo za kupigwa pasi, jibini, mboga za majani, achari, na pombe ya forosadi inayoweza kuwasha trekta. Nilikuwa sijavua koti mama Arshaluys akanishika mkono. Ni mdogo wa umbo, mkono wake mkavu, na ukikushika umeshikwa.

"Ya Zaven umeiandaa?"

"Nimeiandaa, mama."

"Muigonge kwa nguvu, mwanangu. Masikio yangu siku hizi mabovu, na mimi nataka kusikia."

Nikaitikia. Ningefanya nini? Nikakaa kwenye kiti cha tamada nikiwaza namna ya kuzimia kwa heshima.

Nikaanza mbali kadiri nilivyoweza. Glasi ya kwanza ilikuwa ya waasisi, wale wachonga mawe wa machimboni waliocheza wakati wa mapumziko ya mchana, wakiwa na vumbi jeusi mpaka kwenye kope. Wote wameshatangulia, hatukugonga. Iliyofuata ilikuwa ya majina yetu, maana kila kiongozi mpya aliyetumwa kutoka mji mkuu, Yerevan, alitubatiza upya, mara Spartak ya hiki, mara Dinamo ya kile, na majukwaani watu wakaendelea kupiga kelele Karhat, Karhat. Tuligonga na kucheka. Nikaja kwenye tetemeko. Hapo niliwataja kwa majina: kocha, kipa, na wale ndugu wawili waliocheza kiungo, waliokuwa darasani katika shule ya jirani. Kwenye nyasi zetu majeneza yalipangwa kabla ya mahema, na msimu uliofuata tulicheza ugenini kila wiki kwa sababu watu waliishi kwenye eneo letu la penalti. Tulisimama, tukanywa, sauti ya kiti haikusikika.

Kila nilipoinua glasi nilimtazama Knarik, naye alikuwa akitazama sahani. Nilipomtazama mama Arshaluys alikuwa akinitabasamia.

Ikafika ligi ya kwanza baada ya uhuru. Umeme hakuna, gesi hakuna, kila mchezaji anakuja mazoezini na kuni kwapani ili chumba cha kubadilishia nguo kipate moto. Basi letu halikuwa na mafuta, tukaenda Yerevan nyuma ya lori la mikate. Tulishuka tumejaa unga kuanzia nywele mpaka viatu, wenyeji wakatucheka, wakauliza kama tumekuja kucheza au kukaangwa. Mbili kwa sifuri tuliwafunga, na mabao yote mawili yalikuwa ya...

Ukumbi ulipiga makofi, na mimi nikapinda kona. Niliinua glasi ya dereva wa lori. Nikainua ya mkata nyasi. Nikainua ya marefa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nchi hii.

"Komeo," mwenyekiti wa klabu akanong'ona, "utagonga glasi mpaka na mlingoti wa goli?"

Watu walikuwa wameshaelewa. Mazungumzo yakafa meza nzima. Nikasimama.

"Zaven a..." nikaanza.

Nikakwama hapo. Ana, au alikuwa? Herufi ileile, na mimi nimening'inia juu yake mdomo wazi mbele ya watu wote wa klabu yangu. Glasi ilikuwa juu na sikujua niipeleke mbele au niiache.

Mama Arshaluys akainuka. Akanyoosha mkono wake mpaka glasi yake ikawa mbele ya yangu, akangoja.

Mkono wangu ulikataa. Naapa niliuamuru, nao ukabaki hapo kifuani. Akangoja tena kidogo, kisha akaigeuza glasi kwa mwenyekiti. Mwenyekiti akainamisha kichwa. Akaigeuza kwa kipa wetu wa baada ya tetemeko, mtu aliyekuwa analala chumba kimoja na Zaven safarini. Yule akafumba macho. Akaenda hivyo mmoja baada ya mwingine, na mimi nikaona uso wake ukielewa. Tulikuwa tumemzika mwanawe zamani sana, sisi sote, na hakuna aliyemwambia. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku tuliyoshuka daraja.

Kiti kikasogea. Knarik alikuwa amesimama. Akazunguka meza nzima taratibu, glasi mkononi, akafika kwa mama mkwe wake na kugonga. Aligonga kwa nguvu, pombe ikamwagika kwenye vidole vyao.

"Kwa Zaven, mama," akasema. "Afya yake."

Wakanywa wote wawili mpaka mwisho. Nikamfikiria Sedrak kule Artik. Niliwaza, basi, imekwisha, mwanamke huyu amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu sisi wanaume ishirini hatukuwa na moyo wa kusema ndiyo wala hapana.

Mama Arshaluys aliitazama meza, kisha akamtazama Knarik kwa muda mrefu, akampangusa vidole kwa kitambaa chake.

"Ni wewe peke yako uliyegonga," akamwambia.

Halafu akanigeukia. "Mimina tena, Onik. Mimi na yeye."

Nikamimina, nikimwaga nusu mezani. Knarik, macho yamejaa machozi, akainua glasi yake na kuinyoosha haraka kuelekea ya mama, kama mtu aliyekwisha kukubali kufanya hivyo maisha yake yote. Mama Arshaluys akairudisha yake kifuani, akaifunika kwa kiganja.

"Hii hatugongi, mwanangu."