Namba ya Mtu wa Karibu

Ufadhili wa binti yake ulikuja kwa simu, Jumanne saa tano asubuhi, na Fundi Viti akautukana mpaka ukakata.

Hakuwa mlevi, wala hakuamka vibaya siku hiyo. Alikuwa kazini, amepiga magoti mbele ya kiti cha nyuma cha teksi, gundi ameshaipaka pande zote mbili, kwenye sponji na kwenye ngozi ya bandia. Gundi ile ina masharti yake. Ukiwahi kubandika, inateleza. Ukichelewa, imekauka, unaikwangua yote kwa kisu na kuanza upya. Hapo katikati una kama dakika tano, na ndani ya hizo dakika tano simu ikalia. Namba ngeni.

Kuna mambo mawili ya kueleza kwanza, maana bila hayo mtu atamwona Fundi mwendawazimu.

La kwanza ni kusubiri. Binti yake alikuwa amemaliza shahada ya kwanza ya mambo ya udongo, akaomba ufadhili wa kusomea ya pili. Waombaji mia nne, nafasi sita. Ofisi ilisema majibu yatatoka mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu wakasema wa nne. Wa nne wakasema zoezi linaendelea. Wa tano hawakusema kitu. Walimpiga danadana msichana wa watu mpaka akakonda. Akila tonge mbili, anachungulia barua pepe. Na masharti yao yalisema anayefadhiliwa asiwe na ajira, kwa hiyo mkataba wake wa maabara ya kupima udongo ulipoisha mwezi wa sita, hakuomba uongezwe.

"Majibu yako njiani, baba," alisema.

"Njia gani hiyo?" Fundi akauliza. "Mimi nikimwambia mteja Ijumaa, Ijumaa anakalia kiti chake. Hawa miezi yote hii wanasoma karatasi zilezile. Wanazisoma kwa kupapasa?"

Yeye mwenyewe alikuwa amewapigia mara kumi na moja, kwa namba iliyo juu ya karatasi yao. Inaita mpaka inachoka. Mwisho ikamkaa kichwani kwamba ofisi ile haina mtu, au ina mtu asiye na mikono.

La pili ni matapeli. Namba ya Fundi ni ileile kwa miaka kumi na saba, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye geti la gereji, na kila tapeli anayo. Mwaka juzi mmoja alimpigia: hongera mzee, umeshinda, nitajie namba ya kitambulisho. Fundi akataja, na akiba ya cherehani mpya ikaenda na maji. Tangu hapo gereji ilijiwekea utaratibu. Simu ngeni ikianza na hongera, Fundi anaweka spika na kuinua mkono. Kipara, mchomea vyuma wa jirani, anazima mashine yake. Mafundi wanasogea. Fundi anampa tapeli za uso mpaka mwenyewe akate. Ilikuwa ndiyo burudani yao. Watu waliacha chai ipoe.

Basi Jumanne ile akapokea.

"Hongera sana, mzee," ilisema sauti ya mwanamke.

Mkono ukapanda. Kipara akazima mashine.

"Hongera ya nini, mama?"

"Binti yako amepata ufadhili. Nimempigia mwenyewe, hapatikani, na wewe ndiye umeandikwa hapa kama mtu wa karibu. Naomba uthibitishe kwa niaba yake kabla ya saa kumi leo. Nitajie namba ya kitambulisho chake na benki anayotumia."

Kipara akaziba mdomo kwa glavu. Kitambulisho, benki, haraka. Hakuna kilichosahaulika. Lakini kilichomchoma Fundi ni hilo la binti. Yaani sasa wamefika huko, wanamchezea mtoto aliyekaa roho juu nusu mwaka.

"Sikiliza, mwizi wewe," alisema. "Wazee wamekuishia, umehamia kwa watoto? Hatuutaki ufadhili wako. Umesikia? Hatuutaki! Mpe mama yako akasomee kulea, maana wewe hajakulea!"

"Mzee, tafadhali, mimi naongea kutoka—"

"Kutoka jela, najua! Wasalimie wenzako. Waambie wayasugue vizuri hayo masufuria!"

Makofi yalipigwa. Kipara ilibidi ashike nguzo. Fundi aligeukia kiti chake, akakuta gundi imekauka, akaikwangua huku anatabasamu.

Ni kweli binti hakupatikana. Simu yake ilikuwa kwa mtengenezaji tangu Jumatatu, kioo kimepasuka, na Fundi alilijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyeipeleka. Halikumjia tu kichwani. Alhamisi binti akaipata, akaja nayo gereji, akasoma barua pepe ya ofisi amesimama palepale kwenye vipande vya sponji.

"'Tunasikitika kwamba nafasi uliyopewa imekataliwa kwa simu na mtu wako wa karibu.'" Akainua macho. "Baba, mtu wangu wa karibu ni wewe."

Kipara alizima mashine, kwa mazoea. Akaiwasha tena haraka.

"Kwa nini uliandika namba yangu?" Fundi alisema. Ndilo lililomtoka kwanza, na alijua ni la kijinga kabla halijaisha kutoka.

"Kwa sababu yako haibadiliki."

Kesho yake walikwenda ofisini, wote wawili, ghorofa ya tatu. Wakasubirishwa kwenye korido mpaka saa sita, kwenye viti vilivyotoka sponji. Fundi alizirudisha ndani kwa kidole moja moja. Walipoitwa, nyuma ya meza alikaa mwanamke mwenye miwani ya kamba.

"Habari za kazi, dada," Fundi alisema.

Mwanamke akaacha kuandika. "Ahaa. Sauti hiyo naijua. Ndiye wewe." Akavuta faili, akafungua, akasoma kwa sauti kavu kama anayesoma orodha ya vifaa. "'Mwombaji amekataa. Ameeleza kwamba nafasi apewe mama yangu, na kwamba wenzangu wa jela wasugue masufuria.' Niliandika yote. Utaratibu unataka sababu za kukataa."

"Dada, nilishawapigia mara kumi na moja."

"Simu ya mezani? Ile ilikufa mwezi wa kwanza. Nimeandika barua itengenezwe. Nasubiri majibu."

"Sasa utapigaje kwa namba yako ya mfukoni, halafu unaanza na hongera?"

"Nianze na pole? Kwa simu yangu, kwa salio langu, nilipiga simu sita siku ile. Watano walilia kwa furaha. Wewe ukanipeleka jela."

"Nitukane na wewe. Hapahapa. Nitakaa kimya mpaka uchoke. Ila mtoto mrudishie nafasi yake."

"Saa kumi na dakika tano nilimpigia wa saba. Ameshasaini." Akageuza karatasi. "Na aliyekataa haruhusiwi kuomba tena mpaka miaka mitatu ipite."

Binti aliweka kiganja juu ya meza kama mtu anayetafuta pa kushika.

Fundi hakuwa mtu wa kubembeleza. Alivua kofia.

"Dada, mimi shule niliishia la sita. Maneno ya ofisi siyajui. Lakini huyu hakukataa, hakuwepo. Aliyekataa ni mimi. Na mimi sikuomba. Asiyeomba anakataaje?"

Mwanamke alimtazama Fundi, akamtazama binti, akatazama mlango. Kisha akashika kalamu, akafuta "amekataa", akaandika juu yake "hakupatikana", akagonga muhuri.

"Asiyepatikana anaomba mwakani," alisema. "Ya mama yangu nimeyaacha kwenye faili."

"Yaache," Fundi alisema.

Kwenye simu ya Fundi, mazungumzo yale yameandikwa sekunde hamsini na nane. Hajayafuta. Yamechukua mwaka mmoja wa binti yake. Yamechukua kazi ya maabara, ambayo sasa ina mtu mwingine. Kurasa kumi na nne za fomu zimejazwa upya. Barua tatu za walimu zimeombwa upya, mbili zimekuja, mwalimu wa tatu amehama na hapokei simu. Gereji haizimi tena mashine kwa ajili ya simu ya mtu. Na kwenye fomu mpya, pale pa mtu wa karibu, binti ameandika namba ya mama yake.