Sindano ya Kunusia

Mzee Dou Shunfa aliiamini pua yake kuliko alivyoamini redio, daktari na mtabiri wa hali ya hewa wakiwekwa pamoja. Na alikuwa na sababu. Kwao Xuanwei, ambako mapaja ya nguruwe hutiwa chumvi na kutundikwa darini mpaka yakaota ukungu wa kijani, hakuna aliyethubutu kuuza paja kabla ya kumwita yeye. Alikuwa akitoa sindano yake ya mwanzi, aliyorithi kwa baba yake pamoja na duka la mapaja, akalichoma paja mahali patatu, na kila mara akaipitisha sindano chini ya pua. Akifumba macho, paja limeiva. Akikunja uso, mwenye paja alirudi nalo nyumbani kimya kimya.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeweka nadhiri ya kutokula nyama.

Aliiweka kwenye korido ya hospitali, siku mkewe Guixian alipokuwa ndani, kifua wazi, madaktari wakimtengeneza moyo. Alimwambia Guanyin, yule Mwenye Huruma ambaye Wabuddha humwomba wakiwa na shida: "Nirudishie mwanamke huyu, nami nitapanda Mlima Jizu mpaka kileleni kukushukuru. Na tangu nitoke mlangoni kwangu mpaka nione jua likichomoza kule juu, nyama haitapita kinywani mwangu."

Guixian akarudi, na sauti yake yote. Ikabaki safari. Na Mzee Dou alikuwa na hofu moja tu, iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki: kwamba akiteleza, hata kwa kipande cha ukubwa wa ukucha, alichopewa kitachukuliwa.

Majirani walimshauri aende na basi la mahujaji, lenye kiyoyozi na kiongozi wa kupeperusha bendera na kupuliza filimbi. Binti yake Yuhe, aliyemaliza chuo kikuu mwaka ule na bado aliamini dunia inaweza kunyooshwa, alikataa katakata.

"Baba, nadhiri haipuliziwi filimbi. Twende wenyewe, polepole, tuione nchi."

"Na chakula? Huko njiani kila sufuria ina mafuta ya nguruwe."

"Nitauliza kila jiko."

Akauliza kweli. Mjini Xizhou alimsimamisha mwoka mikate mbele ya foleni nzima. "Kaka, hiyo unayopaka ni mafuta gani?"

"Ya nguruwe, dada. Ndiyo utamu wenyewe."

"Huna yasiyo ya mnyama?"

"Ninayo maji," akasema mwoka mikate, na foleni ikacheka. Siku hiyo walishiba jibini lililokaangwa na kuviringwa kwenye kijiti, likapakwa jamu ya waridi.

Shida ilikuja sokoni. Pale mama mmoja alikuwa akikata vipande vyembamba vya ngozi ya nguruwe iliyobabuliwa kwa moto wa mabua, akavichovya kwenye siki na pilipili. "Mzee, onja! Kuonja ni bure!"

Mzee Dou alizunguka nyuma ya ukuta. Akachomoa sindano kutoka mfuko wa ndani wa koti, akaipitisha chini ya pua, akafumba macho. Nafsi ikatulia. Kunusa si kula, alijiambia.

Kesho yake walianza kupanda. Misonobari ilining'iniza kuvu za kijivu kama ndevu za babu, maua mekundu yalikuwa yamemwagika njiani, na kwenye kona moja waliuona mlima ulivyokaa: vidole vitatu mbele vikichimba bonde, kimoja nyuma. Ndiyo maana ukaitwa Jizu, yaani Mguu wa Kuku.

"Guanyin naye ana mizaha," alisema Mzee Dou akihema. "Ananikataza nyama, halafu ananipandisha kwenye mguu wa kuku."

Yuhe alitangulia kupiga picha. Alipopotea kwenye kona, sindano ilitoka tena. Mara hii, sijui ni uchovu au ni shetani wa milimani, Mzee Dou alishtukia imo mdomoni na anainyonya. Aliichomoa haraka, akaipangusa kwenye suruali. Kunyonya si kula, alijiambia, lakini safari hii hakujiamini sana.

Saa ya chakula cha mchana iliwakuta kwenye nyumba ndogo ya watawa wa kike, katikati ya mlima. Watawa waliwakaribisha kwenye ukumbi wa kulia pamoja na mahujaji wengine. Sheria zilibandikwa ukutani: usiongee, usibakize. Mpishi, mtawa mnene aliyeitwa Changhui, alipita na ndoo ya chakula akimwekea kila mtu wali, figili, mkate wa mvuke, na vipande vyembamba vyekundu vyenye mistari myeupe.

Mzee Dou alitia kimoja mdomoni. Akatafuna. Akameza. Halafu akaganda.

Kilikuwa na chumvi ya paja. Kilikuwa na nyuzi za paja. Mkono ukaenda wenyewe kwenye koti. Mbele ya mahujaji wote akakichoma kipande cha pili mahali patatu, akanusa mara tatu, na rangi ikamtoka usoni.

"Ni paja," alinong'ona. Kisha kwa sauti: "Hili ni paja! La miaka miwili, limekaushwa kwa upepo wa kaskazini!" Akanusa tena, akasimama. "Mama Mtawa, umelipata wapi paja la duka langu?"

Ukumbi mzima uliacha kutafuna. Mama mmoja mezani alitema kwenye kiganja. Mzee mwingine, aliyekuwa amekwisha kumeza vyote, alishika tumbo kana kwamba nguruwe mzima amelala humo.

Mtawa Changhui aliweka ndoo chini. "Paja? Hiyo ni soya, mzee. Soya, ngano na uyoga! Nimeamka alfajiri kuikanda!"

"Mama, nimenusa mapaja tangu nikiwa na meno ya utoto. Pua hii haijawahi kukosea."

"Basi leo imeanza! Unatuita walaji nyama mbele ya Buddha?"

"Sikuiti kitu. Nasema nimekula nyama." Sauti ilimvunjika. "Nimekula nyama, Yuhe. Mama yako..."

Moyo ulimuuma Yuhe. Hapo akaitazama sindano. Ilikuwa nyeusi, inang'aa mafuta, kama kitu kilicholala darini kizazi kizima.

"Nipe, Baba."

Aliichukua, akaichoma kwenye figili, akampelekea puani. "Nusa."

Mzee Dou alinusa. "Paja," alisema kwa mshangao.

Akachoma mkate wa mvuke. "Huu?"

"Paja. La miaka miwili."

Mtawa Changhui akatoa tango kwenye kikapu, akalishika mbele kama upanga. Yuhe akalichoma.

"Sema, mzee," alisema mtawa. "Na tango langu ni la duka lako?"

Mzee Dou alinusa tango kwa muda mrefu. "La duka langu," alikiri.

Ukimya wa nyumba ile ukaanguka chini. Mahujaji walicheka mpaka bakuli zikagongana, na yule mama aliyetema akarudisha mdomoni. Mtawa mkuu alikohoa kukemea, kisha kikohozi chenyewe kikageuka kicheko.

Mzee Dou peke yake hakucheka. "Kuna jingine," alisema akiinamisha kichwa. "Nimekuwa nikiinusa njia nzima. Na leo, kule konani, nimeinyonya." Akamtazama Changhui. "Mama Mtawa, nadhiri ipo au imevunjika?"

Mtawa alikuna kichwa chake kilichonyolewa. "Uliahidi kwa ajili ya nani?"

"Mke wangu."

"Namba ya simu ya Guanyin sina. Ya mkeo unayo?"

Yuhe alipiga, akaweka sauti ya juu. Ukumbi wote ukasogeza masikio.

"Baba Yuhe!" ilisema sauti ya Guixian. "Umeanguka mlimani?"

"Nimenyonya sindano."

Simuni kikatoka kicheko ambacho kilipanda, kikashuka, kikapanda tena.

"Acha, mama we! Moyo wako!"

"Huo moyo ndio unaocheka!" Guixian alivuta pumzi. "Sikiliza, mjinga wangu. Siku ile nilipozinduka sikuona kitu, dawa zimenifunga macho. Nikajua nimekufa. Mara nikasikia harufu ya paja. Nikasema, ahera hakuna paja; basi niko hai, na yule mtu wangu amekaa hapa karibu hata mikono hajanawa. Harufu hiyo ndiyo iliyonirudisha, na leo wewe unaiogopa? Ulikula nyama?"

"Sikula."

"Basi panda."

Mzee Dou alifuta macho kwa mkono wa koti. Mtawa Changhui akagonga meza kwa kidole. "Maliza bakuli, mzee. Humu hakibaki kitu." Akalimaliza, na akaomba aongezwe.

Kesho yake kileleni, jua lilichomoza juu ya mawingu yaliyojaa mabonde kama maziwa yaliyochemka. Mzee Dou alipiga magoti mpaka Yuhe akamshika mkono kumwinua.

"Sasa," alisema baba yake, "nadhiri imetimia. Hapa mkahawa uko wapi?"

"Si juu ya mlima mtakatifu, Baba! Tushuke kwanza."

Walishuka. Chini kabisa, kituoni, Yuhe alifungua begi na kutoa kifurushi cha karatasi. "Mama alinipa nikufichie."

Ndani mlikuwa na kipande cha paja halisi. Mkono wa Mzee Dou ukaenda kwenye koti, ukasita. Akamkabidhi binti yake sindano, akauma kwa meno yake mwenyewe, akafumba macho. Kisha akayafumbua.

"Hili si letu."

"Ni la Kong, jirani."

Alitafuna polepole. "Miaka yote hii nimekuwa nikimwambia Kong kwamba paja lake linakaribia kunukia kama langu."

"Naye?"

"Alifurahi sana." Akameza. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akamwinamia binti yake. "Ni tamu kuliko letu. Usimwambie mama yako."

"Baba," alisema Yuhe, "ndiye aliyelichagua."