Mbuzi wa Msamaha

Usinisifie kikundi chetu. Najua ni kizuri. Sisi ni wanawake tuliopigwa na waume tukaondoka. Kila Alhamisi tunakutana nyuma ya kibanda changu cha mitumba pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, tunapeana moyo, na mwenzetu akiitwa na ukoo wake hatumwachi aende peke yake.

Basi Gorret akaitwa. Alikuwa amemkimbia mumewe, Kathembo, aliyemvunja mkono, na alikuwa akilala kwangu. Sasa wazee wa kwao Karambi wanataka kuamua kama atarudi kwa huyo mume. "Mama Jamidah, nikirudi nitakufa," akaniambia. Hakuwa anatia chumvi. Mkono niliuona mwenyewe, ulivyokuwa unaning'inia.

Tukapanda kwa miguu kutoka Bwera, jua linatuchoma, mbele yetu Rusi, kiongozi wetu. Mama yake Gorret akatupokea kwa vigelegele. Akamwita binti yake jikoni, sisi akatukalisha sebuleni, akatuletea ugali wa muhogo na sahani ya nyama ya mbuzi. Mama wee, watu na njaa yao! Rusi alilamba mpaka vidole. Mimi ni Mwislamu, mbuzi sikujua kachinjwa na nani, nikala ugali wangu kwa sombe, yale majani ya muhogo. Hakuna aliyeuliza mbuzi katoka wapi. Utaulizaje hivyo nyumbani kwa watu?

Mara akaingia Maate, baba mdogo wa Gorret, mwanajeshi mstaafu, pamoja na wazee wengine. Nyuma yao Kathembo, shati jeupe, macho chini kama mtoto wa kipaimara.

"Nyama ilikuwa tamu?" Maate akauliza.

"Tamu sana, afande," Rusi akajibu, anacheka.

"Vizuri. Hiyo ni mbuzi ya Kathembo. Ameleta asubuhi, kuomba msamaha."

Kicheko cha Rusi kikakatika. Yeye ni Mkonzo kama Gorret, alielewa kabla yetu. Pale kwao, upande wa mke ukishamla mbuzi wa msamaha, umesamehe, na mke anarudi. Kesi imekwisha.

"Ninyi ndio mulikuja kusimama upande wake," Maate akasema. "Na mumekula. Munataka nini tena?"

Nikasimama. "Mimi sikula! Na Gorret hakula! Mmetutega, hamna hata haya!"

"Wewe ulikataa kwa sababu ya dini yako, mama. Si kwa sababu yake. Kaa chini!"

Nikakaa. Neno hilo linaniuma vibaya mpaka leo. Rusi alikuwa analia tu, mafuta bado mdomoni. Mama mtu alisimama mlangoni akijifunga kitenge upya, hataki kututazama.

Gorret akatoka jikoni na mfuko wake. Nilidhani atapiga kelele, nikajiandaa kupiga pamoja naye. Hakumwangalia mume wala mama. Alituangalia sisi, mmoja baada ya mwingine.

"Kule kwake ananipiga mutu moja," akasema. "Leo mumenipiga nyote."

Akampita Kathembo pale mlangoni, akaanza kuteremka kuelekea nyumbani kwa mumewe. Kathembo akatushika mkono sote, akatushukuru kwa kuja, kisha akamfuata.