Utomvu Kwenye Swali la Sita

Miaka kumi na tisa nafundisha hisabati chuo cha ualimu, na kila muhula nawaonya wanachuo: meza ya kazi iwe safi. Basi Jumamosi hiyo mimi mwenyewe, Madam Aika, nikasahihisha mitihani ya marudio jikoni kwangu Nkoaranga huku namenya ndizi mbichi za kupika machalari, zile za kuchanganya na nyama. Raha iliyoje! Ndizi moja, swali moja.

Jumatatu nikabandika alama za awali. Naipanoi: thelathini na nne. Kufaulu ni arobaini, na anayeshindwa marudio hana chuo tena. Saa kumi orodha ingekwenda kwa mkuu wa chuo.

Saa tisa akaja ofisini kuaga, tranka lake ameliacha mlangoni.

"Shikamoo madam. Sibishi. Ila swali la sita nililifanya, tena lote."

"Marahaba. Hukulifanya, mwanangu. Njoo uone."

Nikafungua kijitabu chake cha majibu. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana, na ukingoni pana doa jeusi. Doa lile nalijua tangu utoto: utomvu wa ndizi. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukazibandua polepole, yeye kwa kucha, mimi kwa rula. Swali la sita hilo hapo! Nikahesabu alama: mbili, tatu, nne, tano. Thelathini na tisa! Lakini mstari wa mwisho, wenye jibu na alama moja iliyobaki, haukuwepo. Wino wake ulikuwa umehamia ukurasa wa pili, kinyumenyume.

"Kioo!" nikapiga kelele.

Kioo pekee kilikuwa kwenye choo cha walimu wanaume. Alama ikibadilika lazima wasahihishaji wawili watie sahihi, kwa hiyo nikamkokota Mwalimu Ndesanjo, mkuu wa idara, tukaingia watatu mbio. Eliya wa fizikia alikuwa ananawa. Akatoka mkuku na povu usoni.

Nikainua ukurasa. Kiooni likasomeka: saba juu ya kumi na mbili. Jibu lenyewe!

"Arobaini," akasema Ndesanjo, akatia sahihi palepale kwenye sinki. Nilicheka kwa sauti. Naipanoi alinirukia shingoni, analia, anacheka, hajui ashike lipi. Sijawahi kuipenda kazi yangu namna ile.

Ndesanjo akanusa kijitabu.

"Madam Aika, na vile vingine ishirini na viwili ulivisahihishia wapi?"

"Jikoni."

Akatazama saa yake, akavua koti.

"Lete rula."