Tundu la Santuri

Basil wa Kitandililo alialika mtaa mzima, na mtaa ule hauhitaji kualikwa mara mbili. Sebule ilijaa hadi mlangoni, pombe ya ulanzi ikazunguka, maana leo marehemu mama yake angesikika akiimba. Santuri ya kwaya yao ilivunjika miaka mingi iliyopita. Sasa huko Ulaya wameichapa upya, nene, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ya kwanza aliyoagiza ilikuja imepinda kama chapati. Hii ilikuwa ya pili.

Mama mdogo Yunis, ndugu pekee wa marehemu aliyebaki, aliketishwa mbele.

Sindano ikashuka. Sauti ikapanda, ikashuka, ikayumba.

"Mama Basil kalewa!" jirani Faustine akadakia, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Mwanamke ambaye hakuwahi kuonja hata togwa iliyolala ikachacha!

"Tundu la katikati limekaa kando," Basil alisema, jasho likimtoka. "Siku hizi wanachapa bora liende." Akachukua kisu, akalichonga tundu, akaisogeza santuri, akarudisha sindano. Sauti ikayumba zaidi. Akachonga tena.

"Acha, mwanangu," Yunis alisema.

"Bado kidogo tu, mama mdogo. Itanyooka."

"Acha, nakuomba. Asubuhi nilikuwa bado naisikia sauti ya dada kichwani. Sasa nikiitafuta, inakuja hii ya kilevi."

Hakuna aliyecheka tena. Basil aliendelea kuchonga.